Santuri Kumi na Moja za Mwalimu Teodosia

Mwalimu Teodosia hakuwa mtu wa kugombana hadharani. Kwa miaka kumi na mitano aliyofundisha Nachingwea na Ruangwa, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti nje ya darasa. Kwa hiyo siku alipopanda juu ya benchi ndani ya banda la video la Idd, mbele ya watu mia na ushee, akapiga kelele, "Zima hiyo deki!", walio wengi walidhani kapandwa na mashetani. Wengine mpaka leo ndivyo wanavyosimulia. Hawajui alichotendewa.

Kwao ni Tabora, binti wa fundi wa reli. Nyuma ya nyumba waliyopanga palikuwa na jumba la sinema. Baba yake, mtu wa misa ya kila asubuhi, aliwakataza watoto wake kuingia humo, na hata angewaruhusu, pesa ya kiingilio isingepatikana. Lakini ukuta haukatazi sauti. Juu kabisa kulikuwa na matundu ya kupitishia hewa, na chini ya matundu hayo Teodosia alikuwa na tofali lake la kukalia. Filamu za ngumi na bastola hazikumshughulisha. Alizozisubiri ni zile za kutisha. Fidla zilianza kupanda polepole, kama mtu anayenyata kwenye ngazi za mbao. Kisha kimya. Kisha watu wote ndani wakapiga yowe kwa pamoja, na yeye nje, asiyeona kitu, akapiga la kwake peke yake.

Wenzake waliotoka ndani walikuwa wakicheka. Kilichowatisha kilikuwa kwenye kitambaa cheupe, na taa zilipowashwa kikaisha. Cha kwake alikuwa amekitengeneza mwenyewe kichwani, akarudi nacho nyumbani, na kesho yake bado anacho. Hakuna aliyemwelewa alipojaribu kueleza kuwa hiyo ilikuwa raha.

Mwaka 1991 mumewe, Stefano, bwana shamba, alihamishiwa Nachingwea, naye akapata nafasi katika shule moja ya msingi pale mjini. Walikuwa wageni, Kimwera hawakijui, Kimakonde hawakijui, wakaishi kwa Kiswahili cha shuleni na cha sokoni kama wageni wenzao. Miaka miwili ikapita. Siku moja, akiwa sokoni, alimwona mama mmoja anayekaanga mihogo akipepea jiko lake kwa jalada la santuri. Lilikuwa limeungua pembe moja. Katikati, pamoja na masizi yote yale, ilionekana picha ya ngazi, na juu ya ngazi kivuli cha mtu asiye na kichwa.

Teodosia alisimama pale mpaka mihogo ikaungua.

"Dada, hicho unachopepea umekitoa wapi?"

"Hiki?" Yule mama, aliyeitwa Zaina, alikigeuzageuza. "Kimetoka nyumbani. Yapo mengi."

"Mengi mangapi?"

"Sasa nitayahesabu ya nini? Mimi napepea tu."

"Na kile kisahani cheusi cha ndani?"

"Ahaa, vile! Vipo. Kimoja nimekikunja kwa moto, kinatunza chumvi."

Jioni ile ile Teodosia alimfuata Zaina nyumbani kwake. Kumbe baba mkwe wa Zaina alikuwa mpishi wa Mgoa mmoja, karani katika mashamba ya karanga ya Waingereza. Mashamba yalipokufa Waingereza waliondoka, Mgoa akabaki miaka mingine kadhaa, akiagiza santuri zake kwa meli, akizisikiliza peke yake barazani. Naye siku alipoondoka, sanduku la santuri alimwachia mpishi wake. Ndani yake Teodosia alikuta santuri kumi na saba nzima. Sita zilikuwa za dansi. Kumi na moja zilikuwa muziki wa filamu za kutisha, na majalada yake yaliyosalia yalikuwa na makaburi, paka, popo, madirisha yenye mwanga mmoja.

Alimpa Zaina vipepeo viwili vipya vya ukindu, sufuria la kukaangia na doti ya khanga. Zaina alimcheka mpaka machozi, akaenda kuwasimulia majirani kuwa kampata mwalimu mjinga.

Gramafoni aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikula mawe sita makubwa ya redio, ikayamaliza upesi, kwa hiyo ilisikilizwa kwa mpango: Jumamosi mchana, upande mmoja tu, mikono ikiwa imeoshwa. Teodosia aliifuta santuri kwa kitambaa cha pamba kilicholowekwa kidogo, akaishika kingoni kama mtu anayeshika sinia la ubani, akaishusha sindano. Kwanza ukaja mchakacho ule wa vumbi, kama mafuta yanayopata moto. Aliupenda hata huo. Kisha fidla.

Nyuma ya kila jalada yaliandikwa majina: aliyetunga, aliyeongoza, wapiga fidla, wapiga tarumbeta, hata fundi aliyeshika mitambo. Teodosia aliyakariri kama litania ya kanisani. Watu hawa walikaa chumbani wakafikiria jinsi ya kumtisha mtu kwa waya na mbao, mtu ambaye hawatamwona kamwe, naye ndiye yeye, yuko Nachingwea, vinyweleo vimemsimama. Hakuna filamu hata moja kati ya hizo aliyowahi kuiona. Stefano alimwambia mara moja kuwa huenda kanda zake zinapatikana Dar es Salaam, amwagizie.

"Usiniagizie," alisema. "Nikiiona itakuwa ya kwao. Sasa hivi ni yangu."

Majirani walimwita Mama Mizimu, tena si kwa siri sana. Mmoja alilihamisha banda lake la kuku upande wa pili wa nyumba, akidai kuku wake hawatagi tangu muziki ule uanze. Teodosia aliyavumilia hayo. Mtu mmoja tu alikuja, akanawa mikono, akakaa kimya mpaka upande wa santuri ukaisha. Huyo alikuwa Lukman.

Lukman alikuwa mwalimu mwenzake, kijana wa Marambo aliyefundisha sanaa na kazi za mikono. Alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa, macho kafumba. Ndiye pekee aliyeuliza maswali ya maana. Kulikuwa na santuri moja, ile ya kivuli kisicho na kichwa, iliyorukiwa na cheche ya jiko la Zaina. Fidla zilipanda sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne sindano ikaruka, tak, ikaangukia ya tano.

"Dada Teo," Lukman alisema mara ya kwanza kuisikia, "hapa si pameliwa?"

"Pameliwa na jiko la mihogo."

Walicheka. Miaka mitano walikuwa hivyo, kama dada na mdogo wake. Mwaka 1999 Stefano na Teodosia walihamishiwa Ruangwa. Lukman naye akaacha ualimu, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha ya kutengeneza filamu.

Mwishoni mwa mwaka 2004 alikuja Ruangwa kuwatembelea, kavaa miwani ya jua, anazungumza Kiswahili cha vijana wa Dar. Alikula, alisifia, akaomba. Aliziomba zile kumi na moja.

"Wiki mbili tu, Dada Teo. Nataka washkaji wazisikie. Wao wanadhani kutisha ni kupiga kelele. Mimi mwenyewe nimejifunza kwako."

Stefano alikohoa. Lukman alipotoka kwenda kunawa, akamwambia mkewe, "Santuri haziazimwi, Teo. Ni kama mswaki."

Lakini maneno yale, nimejifunza kwako, yalikuwa yameshamlainisha. Mwalimu akiambiwa hivyo anabakiwa na nguvu gani? Alizifunga mwenyewe, moja moja, kwa vipande vya kitenge chake, akazipanga kwenye boksi, akamsindikiza Lukman mpaka kituo cha basi akiwa kalibeba yeye, asije akalitikisa.

Wiki mbili zikawa miezi mitano. Katikati ya masika, Lukman alibisha hodi, suruali imejaa tope mpaka magotini, uso umemsawajika. Akakaa chini sakafuni, akakataa kiti. Basi lilikuwa limekwama Ndundu, kwenye barabara ya kutoka Dar, alisema. Mvua ilinyesha siku nne. Watu waliteremshwa wasukume, mizigo ya juu ikateleza, ikaanguka majini, boksi la santuri likaenda na maji yeye analiona. Alipofika hapo akalia. Machozi yenyewe, ya kudondoka.

Na Teodosia alifanya nini? Alimbembeleza! Alimwambia pole, mali huja, muhimu umepona. Akamtafutia suruali ya Stefano abadili. Akachinja jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa mmoja tu pale nyumbani, mwekundu, wa mbegu, na mapaja yote mawili aliwekewa mgeni. Lukman aliyala, akaomba na mchuzi.

Baada ya hapo, Jumamosi mchana Teodosia hakugusa gramafoni kwa muda mrefu. Alikuwa na santuri nyingine tisa alizozikusanya kwa kuandikiana barua na muuza vitu vya zamani wa Dar es Salaam, lakini alizipita kama mtu anayepita chumba cha marehemu.

Ikaja Julai ya mwaka 2006. Mabango yalibandikwa Ruangwa nzima: filamu ya Lukman, mtoto wa nyumbani, ya kutisha kuliko zote, itaonyeshwa kwenye banda la Idd Jumamosi saa nane, na mwenyewe atakuwepo. Teodosia alifurahi kwa dhati. Alinyoosha gauni lake la kanisani, akaenda mapema, akakaa benchi la tatu. Lukman alikuwa mbele, amezungukwa na vijana. Alipomwona, alimpungia mkono harakaharaka, akageuka. Teodosia akadhani ni shughuli.

Idd alifunga mapazia ya magunia, akaweka diski. Filamu yenyewe ilikuwa ya bibi harusi aliyezikwa hai, na sura yake ilipakwa unga. Watu walicheka pale palipotakiwa waogope. Kisha bibi harusi akaanza kupanda ngazi za ghorofa, na fidla zikaanza.

Teodosia alizitambua kabla hazijafika popote. Mwili ndio uliotambua kwanza, ngozi ya mgongo. Alijiambia, labda kaipata santuri nyingine kama ile, dunia ni pana. Sauti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Tak. Ya tano.

Nakala za santuri ile pengine zipo elfu duniani, lakini iliyopikiwa mihogo ni moja tu. Alikaa palepale, akaisikia santuri yake ya pili, ya popo, na mkwaruzo wake wa mwanzo. Akaisikia ya tatu. Zote nzima. Zote kavu. Kisha filamu ikaisha, majina yakaanza kupanda, na kwenye skrini yakatokea maneno: Muziki umetungwa na Lukman. Vijana wakapiga makofi.

Hapo ndipo alipopanda juu ya benchi.

"Zima hiyo deki!"

Idd aliizima kwa mshtuko.

"Lukman," Teodosia alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani, "nani katunga muziki huu?"

Lukman alisimama, akacheka kidogo. "Mwalimu wangu huyu, jamani. Kanifundisha mengi. Mwalimu, tutaongea pembeni."

"Tutaongea hapa hapa. Uliniambia santuri zangu zimezama Ndundu. Ulilia sakafuni kwangu. Leo nimezisikia, na pale pa jiko la Zaina pamesikika. Zilizama zikaja kuimba?"

Watu wakaanza kunong'ona. Lukman akaivua miwani yake.

"Dada Teo, ule ni muziki wa Wazungu, tena wengine walishakufa. Hukuutunga wewe. Sasa nimekuibia nini?"

"Sikuutunga! Na sijawahi kusema nimeutunga. Waliotunga wameandikwa nyuma ya jalada, ninawajua mmoja mmoja mpaka mpiga zumari. Wewe umewafuta wote, ukajiandika peke yako. Mtu mmoja umepiga fidla ishirini?"

Mtu fulani nyuma alicheka, na kwa dakika moja ilionekana kama banda lote litakuwa upande wake. Kisha akasimama mzee mmoja mwenye koti, aliyekaa na wageni rasmi.

"Mwalimu, tusivunjiane heshima," alisema. "Kijana huyu katutoa kimasomaso. Huku kwetu nani aliwahi kutuona kwenye video? Wewe mtu wa Tabora umekuja kumwonea wivu mtoto wa watu kwa sababu ya visahani?"

Visahani. Makofi yakapigwa tena, safari hii kwa mzee. Idd akamsogelea Teodosia kwa upole. "Mwalimu, nakuomba utoke. Kiingilio chako nitakurudishia."

"Kaa nacho," alisema Teodosia, akashuka kwenye benchi, akatoka katikati ya watu waliompisha kama mgonjwa wa kuambukiza. Nje jua lilikuwa kali. Alikwenda moja kwa moja, hakumsalimia mtu njiani.

Nyumbani Stefano alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema lile neno ambalo angelikata ulimi asiliseme.

"Teo, si ni santuri tu."

"Stefano," alijibu, "amekula jogoo wangu."

Stefano alicheka. Teodosia hakucheka. Alimwangalia mpaka kicheko kikamfia mdomoni. Alimweleza, taratibu, kama anavyoeleza mgawanyo kwa mtoto asiyeelewa, kuwa mtu akiiba ukamjua, umeibiwa mara moja. Huyu alimwibia vitu, akarudi kumwibia na huruma, akaila kwa ugali. Na watu wale wa fidla, waliokufa huko kwao, hawana wa kuwasemea Ruangwa nzima isipokuwa yeye. Kesho yake, baada ya misa, Stefano aliitoa pikipiki nje, akaifuta kiti cha nyuma, akauliza, "Mama yake si yuko Marambo?"

Walimkuta Bi Mwanaheri, mama yake Lukman, uani kwake, anapepeta ufuta. Alikuwa mwanamke mwembamba, Kiswahili chake cha sokoni, akikwama anamalizia kwa Kimwera. Walisalimiana kwa urefu unaostahili. Aliulizia afya, kazi, watoto wa shule, mvua ya Ruangwa.

"Shikamoo tena, mama," alisema Teodosia. "Sikuja kugombana."

"Umekuja kugombana," alisema Bi Mwanaheri. "Usoni naona. Kaa kwanza, ugombane umekaa."

Teodosia alikaa kwenye mkeka, akaeleza yote, toka jiko la Zaina mpaka banda la Idd. Bi Mwanaheri aliendelea kupepeta. Aliposikia habari ya machozi, ungo ukapunguza mwendo. Aliposikia habari ya jogoo, akauweka chini.

"Mwaka jana alileta boksi hapa," alisema. "Akasema, mama, hivi vyombo vya kazi, usifungue. Mimi sikufungua. Mimi simfungulii mtu." Akajipangusa mikono. "Leo nafungua."

Boksi lilikuwa chini ya kitanda. Ndani vilikuwepo vitenge vya Teodosia, fundo lile lile alilolifunga kwa mkono wake. Hakuna tone la tope. Hakuna hata harufu ya unyevu. Alihesabu: saba. Ile ya kivuli, yenye alama ya cheche, ilikuwepo. Alidhani angefurahi, lakini kilichompanda ni hasira mpya, mbichi kuliko ile ya jana, kwa sababu baadhi ya mafundo hayo hayakuwahi hata kufunguliwa. Kaziiba, na nyingine hakuzisikiliza!

Lukman alikuwa amefikia Nachingwea mjini, hajarudi Dar. Mpwa wake mkubwa alipanda baiskeli kumwita, na saa tisa akafika, akaona pikipiki, akaona boksi wazi, akavua viatu.

"Nne ziko wapi?" mama yake aliuliza, hata salamu hajaitikia.

Lukman alizungukazunguka, mara zimevunjika, mara kaazima mtu. Bi Mwanaheri alirudia swali lile lile kwa Kimwera. Teodosia hakuelewa maneno, ila aliona yalivyomshukia. Ndipo ikatoka. Kulikuwa na mgeni mmoja, mtu wa nje aliyefanya kazi Dar es Salaam, anayekusanya santuri kama hizo. Alipoziona aliruka. Lukman akambadilishia nne kwa kamera.

"Kamera gani?" aliuliza Stefano.

"Ile niliyopigia filamu."

Hapo hata Stefano, mtu wa santuri-tu, alisimama. "Kumbe hata kamera ni ya mke wangu!"

"Nilitaka tu kuanza," alisema Lukman, sauti imeshuka, imekuwa ya Marambo tena. "Dada Teo, hakuna mtu aliyenipa chochote. Kila mlango nikigonga wananiambia lete vifaa vyako. Nilisema nikifanikiwa nitakuja kukwambia."

"Ulishafanikiwa jana. Uliniambia?"

Bi Mwanaheri alimgeukia Teodosia. "Chukua kamera. Chukua na yeye mwenyewe akakulimie ukitaka."

"Sitaki kamera, mama. Nitaifanyia nini? Nataka majina." Akamgeukia Lukman. "Diski za filamu yako zimebaki ngapi hujauza?"

"Mia tatu hivi."

"Zilete Ruangwa. Kila moja, nyuma ya jalada, utaandika majina ya watu waliofanya muziki. Wote. Kwa mkono."

"Mia tatu? Dada Teo, naweza kupiga muhuri..."

"Ataandika," alisema Bi Mwanaheri, akauchukua ungo wake. "Alikuwa mwalimu. Kalamu anaijua."

Shule zilikuwa zimefungwa. Lukman aliandika siku tatu mfululizo katika darasa la tatu, magoti yamegonga dawati dogo, boksi la diski pembeni. Teodosia alisimama ubaoni na majalada mkononi, akisoma herufi kwa herufi majina yale ya kigeni yanayovunja ulimi. Siku ya pili vidole vya Lukman vilivimba, akaanza kuandika ovyo.

"Herufi kubwa hapo," Teodosia alimwambia. "Hilo ni jina la mtu."

Jina la Lukman mwenyewe lilibaki pale lilipokuwa kwenye skrini, maana hakuna aliyejua namna ya kulifuta. Jambo hilo lilimkera Teodosia, na linamkera mpaka kesho. Jioni ya siku ya tatu, Lukman alipomaliza ya mwisho, alikaa kidogo akinyoosha vidole. Kisha akauliza, bila kumtazama:

"Dada Teo, naweza kuja Jumamosi? Nisikilize moja tu."

"Hapana," alisema Teodosia, akafuta ubao.

Baadaye Stefano alimwambia kuwa hapo alizidisha. Yeye aliona hakuzidisha hata kidogo. Kusamehe aliwahi kusamehe, tena na jogoo juu. Zamu hii naye asubiri.

Zilibaki zile nne. Alipata anwani ya yule mgeni kutoka kwa Lukman, akamwandikia barua ya heshima, akaeleza kuwa vitu alivyobadilishana navyo viliibwa, na kwamba yuko tayari kugharamia posta. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, limepigwa chapa. Mgeni alisikitika kusikia habari hizo, ila yeye alizipata kwa nia njema. Aliongeza kuwa santuri adimu kama hizo ziko salama zaidi kwake, kwa kuwa ana kabati maalumu, na hali ya hewa ya kusini ingeziharibu.

"Hali ya hewa!" Teodosia aliisoma kwa sauti mara tatu, kila mara akiwa amesimama mahali tofauti. "Zimekaa Nachingwea miaka arobaini! Zimekaa na panya, na jua la Oktoba, na jiko la Zaina, zikapona! Zilianza kupotea walipozishika watu wenye kabati!"

Aliketi kuandika. Barua ya kwanza aliichana, ilikuwa na adabu mno. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne ilikuwa na mistari sita. Stefano aliichukua, akaisoma, akakuna kidevu.

"Hujaandika hata 'natumaini hujambo'."

"Situmaini."

Aliandika nyingine mwezi uliofuata, na uliofuata huo, mpaka karani wa posta akawa anamwekea stempu tayari. Mapema mwaka 2008 kikaja kifurushi. Ndani mlikuwa na santuri moja, ile ya paka, imefungwa vizuri kwa boksi gumu na sponji pande zote, bila barua, bila hata kipande cha karatasi cha kusema samahani. Teodosia aliikagua pande zote mbili dirishani, akaifuta, akaiweka mahali pake. Kisha akavuta kiti, akachukua kalamu, akaandika tarehe, na chini yake:

"Nimepokea moja. Bado tatu."